Mvua Iliyojibu Haraka

Mbegu zenyewe zilikuwa chache. Ukizimimina kwenye mkebe wa gorogoro hazikufika hata nusu. Ni kunde nyekundu, ndogo kuliko za dukani, zenye doa jeusi lililoegemea upande mmoja kama jicho la mtu anayekutazama bila kugeuza kichwa. Mama alizipata kwa mama yake, na nyanya alikuja nazo alipoolewa. Hakuna duka linaloziuza. Majirani waliokuwa nazo walizila miaka ile mvua ilipokosa misimu mitatu mfululizo, na sisi pia tulizila, tukabakiza hizo. Nilipofika nyumbani mwezi wa tisa, mama alishusha kibuyu kilichokuwa kikining'inia juu ya jiko, akakitikisa karibu na sikio langu.

"Zikienda hizi," akasema, "tumemalizana na kunde za mama yangu."

Nilikuwa nimekuja kukaa wiki mbili. Mama alikuwa ameteleza akiteka maji, akaumia goti. Kaka yangu mkubwa alishafariki, na dada yangu ameolewa ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Makueni, kwa hivyo nilibaki mimi, mtu asiye na shamba, mke wala mwajiri wa kumzuia. Nina miaka arobaini na minne. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Nimekuwa tanboi, msaidizi wa madereva wa malori, nimepika chapati katika hoteli ya madereva Mtito Andei, nimebeba mawe ya mafundi huko Kabati, nimelinda lango la watu Mombasa. Mama akiulizwa habari zangu hujibu, "Huyo ni kisulisuli. Utamwona akipita."

Ila kitu kimoja sikukiacha popote nilipokwenda: kutazama mawingu ya kwetu. Kutoka juu ya shehena pale Mtito Andei, ukitazama kaskazini, unaziona mbingu za upande wa Mutomo. Jioni za mwezi wa kumi na moja nilikuwa nikiona umeme ukimemeta huko, mbali sana, bila sauti, nami nilipiga simu.

"Mama, imefika?"

"Imeenda kwa wengine."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza miaka mingi. Salamu, goti, mbuzi, halafu mvua. Nilikuwa nikikata simu na kuketi juu ya magunia ya watu nikiwa na hasira na wingu, kama kwamba lilikuwa mtu aliyepita mlangoni kwetu bila kubisha.

Mwalimu wetu wa jiografia, katika kidato cha tatu, ndiye aliyenieleza kwa nini wingu lina tabia hiyo. Alileta darasani sufuria ya jikoni ya shule na jiko la mafuta, akachemsha maji mbele yetu. Ardhi ikipata joto, alisema, hewa iliyoigusa inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda inapoa. Lakini ikiwa huko juu inakuta hewa iliyo baridi kuliko yenyewe, haina sababu ya kusimama. Inaendelea kupanda, unyevu wake unageuka wingu, na wingu linakuwa mnara. Hiyo aliiita hewa isiyotulia. Mvua yake ni ya ghafla, ya nguvu, na ya mahali padogo. Inaweza kujaza silanga la mtu mmoja, lile bwawa alilochimba kwa mkono wake, na kumwacha jirani yake akipiga chafya za vumbi.

Nyanya naye alikuwa na maelezo yake. Visulisuli vikizidi mchana wa mwezi wa kumi, alisema, hao ni aimu, marehemu wetu, wanatembea kwenda kukutana kwa ajili ya mvua, na mtoto mwenye adabu hawazibii njia. Mwalimu alisema kisulisuli ni hewa ya moto inayopanda ikijizungusha. Sikuona ugomvi kati ya hao wawili. Wote walinifundisha kutazama kitu kilekile, mwezi uleule, saa ileile ya mchana.

Wiki ya pili baada ya kufika kwangu chifu aliita baraza. Afisa wa kilimo alikuwa msichana mwenye viatu vya mpira vilivyojaa vumbi jekundu, na alizungumza Kikamba kilichonyooka, si kile cha kuchanganya cha watu wa ofisi. Alituambia kwamba mwaka huu wataalamu wa hali ya hewa wanatarajia mvua ichelewe, na kwamba kabla haijaanza kunaweza kuwa na mvua moja moja za radi.

"Mvua ya kwanza si mwanzo wa mvua," alisema. "Ikinyesha, usikimbilie kupanda. Nenda shambani uchimbe. Ukikuta unyevu umefika kiwiko, na mvua ikarudi tena ndani ya wiki, hapo panda."

Jirani yetu aliinuka. Ni mzee mwembamba anayepakana nasi upande wa juu, na hakuna baraza linaloisha bila yeye kusimama.

"Asante mwalimu. Sasa kumbikumbi wakiruka, tuwaambie warudi ndani wangoje kiwiko?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akangoja wanyamaze.

"Kumbikumbi akikosea, mzee, anakufa yeye mwenyewe. Wewe una watoto wa kulisha."

Walicheka tena, safari hii wakimwangalia jirani.

Mama hakucheka. Tulirudi polepole kwa sababu ya goti. Alipofika mahali pa kupumzika alisema, "Yule msichana anajua. Lakini sisi tunatia mbegu udongo ukiwa mkavu, mvua ije iikute ndani. Mama yangu alifanya hivyo, nami nimefanya hivyo tangu niolewe."

Alisema kweli. Kwetu mvua ni fupi, na mtu anayengoja ardhi ilowe ndipo atafute jembe, mimea yake hukauka ikiwa na maua. Kupanda kavu si ujinga. Ni hesabu ya watu wanaojua siku zao za mvua ni chache.

"Mbegu nyingine sawa," nikamwambia. "Panda ndengu kavu, panda mtama kavu. Zikiharibika tutanunua. Hizi za nyanya hazina duka."

Alifikiri hadi tukafika langoni.

"Basi hizi zitangoja," akasema. "Nitazipanda siku Mungu atakaponionyesha mvua kwa macho yangu."

Niliona nimeshinda. Siku hiyohiyo nilianza kuchimbua mitaro chini ya matuta ya shamba, iliyokuwa imejaa mchanga tangu baba afe. Nilichimba siku tisa, nikamaliza mmoja tu, ule wa chini. Sikuwa nimeahidiana na mtu yeyote, ila nilikuwa nimeamua kwamba mwaka huu wingu likipita kwetu litaacha kitu.

Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi ilikuwa ya maombi ya mvua. Kanisa letu lilikuwa limefunga kula siku tatu. Hata Mutomo mjini, muuzaji wa vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani aliniambia kwamba wao pia walitoka msikitini Ijumaa wakaswali uwanjani, imamu akiwa amegeuza vazi lake ndani nje. "Nyinyi mnaomba Jumapili," alisema akinipimia kitambaa cha kumfungia mama goti. "Ikinyesha katikati ya wiki, tutabishana ni ya nani."

Asubuhi hiyo hakukuwa na upepo. Joto lilikuwa la kunata, shati lilishika mgongo nikiwa nimekaa tu. Saa nne niliona mawingu madogo yakianza kutokea upande wa mashariki, yenye vitako bapa. Saa sita yalikuwa yamepanda kama povu kwenye ndoo ya nguo. Katika uwanja wa kanisa visulisuli viwili vilipita vikifuatana, vikabeba karatasi na mifuko. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijua kabisa kile kilichokuwa kikitokea juu yetu. Nilijua pia kwamba si vizuri kukisema pale.

Ndani, mchungaji aliwaita wenye haja maalum mbele. Mama akaenda na fimbo yake. Kina mama walikuwa wakiimba na kukanyaga sakafu kwa mguu mmoja, wote pamoja, na vumbi lilikuwa likipanda hadi magotini. Nilimkumbuka nyanya, ambaye nilimwona mara moja nikiwa mdogo akicheza kilumi, ngoma ya wanawake ya kuita mvua, kabla watu wa kanisa hawajaiita ya shetani. Mguu ulikuwa uleule. Mama aliomba kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Bwana, nina kunde za mama yangu. Ni hizo tu. Nionyeshe mvua, nami nitazirudisha zote mikononi mwako, zote."

Amina ilikuwa bado haijaisha vizuri wakati radi ya kwanza ilipopasuka. Mwanga uliingia kwa madirisha yote pamoja, na sauti ikafuata papo hapo. Halafu mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele hata hukumsikia aliye karibu nawe. Mchungaji alifungua mdomo akaufunga. Kina mama wakatoka nje mbio, wakasimama kwenye mawe yale ya barafu wakiwa wamenyoosha mikono, wengine wakilia, wengine wakicheka. Upepo ukang'oa bati moja la ukumbini, hakuna aliyejali. Ilinyesha kwa muda usiozidi ibada ya ubatizo, kisha ikakatika kama mfereji uliofungwa.

Tulipofika nyumbani, mama, aliyeimba kuliko wote, jambo la kwanza alilofanya ni kufunika kioo kwa leso, kwa sababu ngurumo zilikuwa bado zinasikika mbali na radi hufuata kioo. Nyanya alifanya vivyo hivyo. Nilichukua jembe nikaenda shambani.

Maji yalikuwa yamepita juu ya ardhi kama yanavyopita juu ya meza. Sehemu ya juu, nilipochimba, unyevu ulikuwa vidole vinne, na chini yake udongo ulikuwa mkavu na wa moto. Ni kwenye mstari wa chini tu, penye mtaro niliouchimba, ambapo maji yalikuwa yamesimama. Pale mkono wangu uliingia hadi karibu na kiwiko.

Jirani alikuwa ukingoni mwa shamba lake, suruali imekunjwa, anatabasamu.

"Bwana Hali ya Hewa! Imefika kiwiko, ama unangoja ifike kwapa?"

"Vidole vinne, mzee."

"Vidole vinne vya Mungu ni vingi. Kesho asubuhi mimi napanda."

Nilimwambia mama vidole vinne. Alikuwa ameketi kitandani, amekwishafungua kibuyu, amemwaga mbegu kwenye ungo na anatoa zilizotobolewa.

"Mama, hii ilikuwa wingu moja. Nimeliona likikua kuanzia saa nne. Kesho jua litarudi."

"Nani alilikuza?"

"Joto."

"Na joto?"

Niliegemeza jembe ukutani.

"Baba," akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa jina langu ni la baba yake. "Niliomba mbele ya kanisa lote. Sikumaliza hata kuketi, akajibu. Unataka nimwambie, ngoja kwanza, kijana wangu anapima? Watu watasema nini? Mimi mwenyewe nitasema nini nikipiga magoti tena?"

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na neno lake lilikuwa limetolewa. Kosa tulilifanya pamoja, tulipokubaliana zile mbegu zingoje mpaka aonyeshwe mvua, bila kuulizana ni mvua gani. Nadhani kila nyumba iliyokuwa kanisani siku ile ilifanya kosa hilo.

Tulipanda Jumatatu. Kwetu mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayetia mbegu, kwa hivyo mimi nilikuwa natangulia na jembe nikifungua mashimo, naye ananifuata, mbegu mbili kila shimo, anafukia kwa mguu mzima. Kabla hatujatoka nilikuwa nimeomba nimbebee ungo, na njiani nikachota kiganja kimoja nikatia mfukoni. Tulimaliza mistari sita. Mwisho wa mstari wa saba alisimama.

"Baba."

"Naam."

"Mfuko."

Nikajifanya sielewi. Alinyoosha mkono.

"Nimezishika hizi kila mwaka tangu kabla hujazaliwa. Nikiinua ungo najua. Toa."

"Ni chache tu, mama. Za akiba."

"Nilimwambia Mungu zote. Sikusema zote isipokuwa za mfuko wa suruali."

Niliona haya kama mtoto. Nikazitoa zote, hata zile tatu zilizojificha kwenye mshono, na zikaingia ardhini.

Siku ya sita zilikuwa zimeota. Shamba lote lilikuwa na vichwa vya kijani vilivyoinama, na jirani alikuja hadi kwenye mpaka makusudi ili nimwone akizitazama za kwake. Niliwaza kwamba huenda nilikosea. Lakini mbingu zilikuwa tupu, bluu kutoka mwisho hadi mwisho, na kila siku mchana vile vitako vya mawingu vilianza kutokea, vikakosa nguvu, vikafutika. Wiki ya pili majani ya mistari ya juu yalianza kujikunja saa tano. Wiki hiyohiyo ikawa ni saa tatu. Ndengu za jirani zililala. Kanisani walihubiri subira. Mama alikuwa akitoka nje asubuhi, anaegemea fimbo, anatazama, anarudi ndani. Hakuniambia lolote, nami sikumwambia "nilisema." Hakuna mwanamume anayestahili kumwambia mama yake neno hilo.

Siku ya kumi na tano nilimkuta amepiga magoti shambani, goti baya na goti zima, anafukua shina kwa kidole.

"Bado ina uhai chini," alisema. "Mstari ule wa juu umekwisha. Huu bado."

"Maji yako mtoni."

"Mtoni ni saa nzima."

"Nina miguu. Mara hii nina mahali pa kwenda na kurudi."

Alinitazama. Kisha akainuka, akatembea hadi katikati ya shamba, akasimama hapo muda mrefu sana, akipima kwa macho. Mwishowe akachora mstari ardhini kwa fimbo, kutoka mpaka hadi mpaka.

"Kutoka hapa kwenda chini," akasema. Ilikuwa mistari minne ya mwisho, ile iliyo karibu na mtaro. Mistari yote ya juu aliipa kisogo, na sikumwona akiitazama tena.

Nilienda kwa jirani kuomba punda. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama ndengu zake zilizokauka.

"Mchukue," alisema. "Lakini hajasoma jiografia. Usimchoshe na maswali."

Mto wetu hauna maji juu. Unachimba mchanga hadi ukutane nayo, unateka kwa kikombe, unangoja yajae tena, unateka. Nilikuwa naondoka alfajiri na mitungi minne, narudi jua likianza kuuma, kisha naenda tena saa kumi. Siku ya kwanza tulimwagia kwa mkebe, na nikaona maji yanapotea juu kabla hayajafika kwenye mizizi. Nilikumbuka mpishi mwenzangu mmoja wa Mtito Andei aliyeotesha pilipili nyuma ya hoteli kwa chupa za soda. Nikaenda sokoni Mutomo na gunia, nikaokota chupa tupu chini ya meza za watu.

"Huyu naye ameanza," nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenziwe. "Kazi ya lori imemharibu kichwa."

"Si kichwa, ni jua. Hebu mwachie na hiyo ya kwako."

Akanirushia chupa, nikaishika, nikamwambia asante mama. Nilijaza gunia. Tulitoboa vifuniko kwa sindano ya kushonea magunia, tukakata vitako, tukazizika chupa zikiwa zimepinduka karibu na mashina, chupa moja kwa mashina mawili. Ukijaza maji yanatoka tone tone, chini, gizani, ambako jua haliyaoni. Mama alifunika udongo kwa makapi ya mtama. Shamba letu la kunde likawa linang'aa kama jalala.

Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa alipita, akasimama kwenye njia.

"Mama, si uliomba ukajibiwa? Sasa hizi chupa si kukosa imani?"

Mama alikuwa ameinama. Hakunyooka.

"Alijibu," akasema. "Mimi ndiye sikumwuliza kama hilo ni jibu la siku moja au la msimu. Nishikie huu mtungi, unanimwagikia."

Akaushika. Akabaki hadi mtungi ukaisha, na kesho yake akaja na mtungi wake.

Siku kumi na tisa tulifanya hivyo. Viganja vyangu vilipasuka. Mara nyingi, nikiwa nimelala ndani ya shimo la mchanga nikingoja kikombe kijae, niliwaza njia kuu, malori yanayoteremka kwenda pwani, chai ya tangawizi pale Mtito Andei, na jinsi ilivyo rahisi kupanda juu ya shehena na kuondoka. Naijua hamu hiyo vizuri. Inakuja kama njaa, tumboni. Nilikuwa naiacha ije, halafu najaza mtungi. Baadhi ya mashina yalikufa hata hivyo. Yaliyobaki mama aliyajua moja moja, na akawa anayasalimia.

Mvua yenyewe ilipokuja haikuwa na radi. Usiku wote upepo ulikuwa umetoka mashariki, mzito, na kulipokucha mbingu zilikuwa za kijivu, chini, bila mnara hata mmoja. Ikaanza polepole, kama mtu anayechekecha unga, na haikuacha. Mama hakufunika kioo. Hakukuwa na cha kuogopa. Siku ya tatu nilichimba mstari wa juu uliokufa na mkono ukazama wote, nikakutana na udongo mweusi wa baridi ambao sikuwa nimeushika tangu ujana.

Watu walipanda upya, wenye mbegu za kununua. Sisi tulipanda mtama pale juu. Kunde za mistari minne zilichanua, zikazaa. Tulipozipura mwezi wa pili zilijaza gorogoro moja na nusu ya ziada.

Mama alizimwaga kwenye ungo akakaa nazo asubuhi nzima. Kisha akachana leso kuukuu vipande vitatu.

"Mama yangu alikuwa na dada watano," alisema. "Kila mmoja alikuwa nazo kwake. Mwaka wa huyu ukiwa mbaya, anaenda kwa yule. Walikufa, nami nikaziweka zote juu ya jiko langu nikadhani nimezitunza."

Katika kipande cha kwanza alifunga mbegu, akakipeleka mwenyewe, kwa fimbo, kwa jirani. Nilimsikia mzee akisema, "Mimi niliyemcheka kijana wako?" na mama akijibu, "Ulimpa punda. Na shamba lako liko juu, mawingu huligonga kwanza." Cha pili kilibaki kwetu. Cha tatu alinipa mimi nivuke nacho Athi hadi kwa dada yangu.

Nilikaa Makueni msimu wote wa mvua za mwezi wa tatu. Dada alitaka kuzichanganya na kunde zake nikakataa, akakasirika, akanipa kipande cha ardhi karibu na choo. Nikalima hapo. Mawingu ya alasiri ya kule yalikuwa na bahati. Yalipanda, yakapasuka juu yetu, mara nne, mara tano, huku upande wa kwetu, ng'ambo ya mto, nikiona anga jeupe tu. Simu ilipolia mwezi wa tano nilijua kabla sijaipokea.

"Hapa hazikufika hata maua," mama alisema. "Za kwetu wala za jirani. Za huko?"

"Zimeshika. Nimeanza kuvuna."

Alivuta pumzi, nikaisikia.

"Basi zilete, baba, mwezi wa kumi uko mbele yetu. Lakini usizibebe zote. Mwachie dada yako, na umwambie ampe na mama mkwe wake."